Nilimfungulia Kamba kwa Mkono Wangu

Nina miaka ishirini na sita, naishi Endagikot, Mbulu. Mama alipofariki niliacha shule darasa la sita. Baba naye alipofariki, nikabaki na wadogo zangu watatu na ng'ombe mmoja wa maziwa.

Ng'ombe yule hakuwa wetu. Huku kwetu mtu humkabidhi rafiki wa mbali ng'ombe wake amtunze. Wewe unakunywa maziwa, lakini ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Hakuna karatasi. Baba aliniambia tu kwamba mwenyewe yuko Gitting, kule Hanang. Sura yake sikuijua.

Nilijiona hodari wa kutambua wezi... Minadani nimewasikia wakiongea tangu utoto. Mwizi wa mifugo hana maneno mengi. Ng'ombe humwita "mzigo". Hakuulizi habari za watoto, anauliza njia na mbwa. Kwa hiyo kila mgeni mkimya nilimshuku.

Asubuhi moja akaja mzee mwenye koti refu. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akalia machozi kabisa.

"Binti yangu, habari za msiba zimenifikia nimechelewa. Ng'ombe wangu hajambo?"

"Yule mwekundu? Hajambo, tangu azae mara ya pili anatoa maziwa mengi."

"Huyo huyo mwekundu. Hata mama yake alikuwa na maziwa hivyo."

Akatuombea, akasema anampeleka kwa dume zuri, atamrudisha baada ya wiki mbili. Mdogo wangu Paulina akanivuta kando. "Dada, mbona hata hajamtazama?"

Nikamwambia anyamaze, huyo ni rafiki wa baba. Nikafungua kamba, nikamkabidhi.

Wiki mbili zikapita, kisha mwezi, mzee hakurudi... Kituo cha polisi nikaandikisha maelezo, basi.

Ndipo akaja mwanamume mwingine. Akasimama nje ya uzio. "Mbwa amefungwa?" akauliza. Kisha, "Zizi liko wapi?"

Nikashika panga, nikaita majirani. Wakamzunguka. Akavua kofia taratibu.

"Baba yako alisema una hasira. Nimekuja kumwona ng'ombe wangu. Ana kovu la pembe, ubavu wa kushoto."

Nikaweka panga chini. Kovu lile sikuwahi kumtajia mtu.

Yule mzee wa machozi alisema nini kuhusu ng'ombe ambacho sikuwa nimekisema mimi kwanza? Rangi niliitaja mimi. Maziwa niliyataja mimi. Mwizi wa zizini husema machache kwa kuogopa kusikika. Tapeli husema mengi, na mengi ni maneno yako mwenyewe anakurudishia.

Nilipomweleza yote, mwanamume huyo wa Gitting hakunitukana. Aliuliza tu, "Watoto wanakunywa nini sasa?"

"Chai ya rangi."

Akavaa kofia yake, akaondoka. Hajatukabidhi ng'ombe mwingine, wala simlaumu.

Ndugu wasomaji, nawasihi: mtu akija kudai chake nyumbani kwenu, awe mkimya au awe analia, fungeni midomo. Mwacheni ataje yeye rangi, ataje yeye kovu. Mimi nilimtajia kila kitu, na wadogo zangu wanaamka kila siku na kukuta zizi tupu.