Gofu la Hafidh

Haya ninayokusimulieni ni kweli tupu, toka neno la kwanza mpaka la mwisho. Kwa jina la Mwenyezi Mungu siapi, maana hilo si jambo la kuchezea. Lakini naweka jogoo wangu mwekundu, yule anayetembea kama sheha. Atakayekamata uongo humu ndani, hata uwe mdogo kama utitiri wa kuku, aje amchukue. Sasa tulieni.

Konde, kaskazini ya Pemba, yupo msichana wa darasa la sita aitwaye Mwatum. Kila siku baada ya sala ya alfajiri hufagia uwanja, huteka maji mferejini, kisha huwatoa mbuzi na kuwafunga penye majani mabichi. Kazi ya mbuzi haipendi hata chembe. Ilikuwa kazi ya kaka yake, Hafidh, lakini Hafidh alipanda boti Mkoani akaenda zake bara kutafuta maisha, akamwachia mbuzi na kamba zao.

Siku ya kuondoka, Mwatum alimpa kofia ya viua aliyoishona mwenyewe. Ilikuwa kofia yake ya kwanza, na ua la mbele lilitoka limepinda, utadhani limekanyagwa na ng'ombe. Mama yao, Bi Mwanapili, alitaka lifumuliwe.

"Liacheni hivyo hivyo," Hafidh alisema. "Nikipotea huko bara, mtanijua kwa ua hili."

Ijumaa moja simu ikalia. Bi Mwanapili akaifungua sauti ili nyumba nzima isikie.

"Mama, nimepata kazi!" alisema Hafidh. "Nipo kwenye gofu, juu milimani."

Bi Mwanapili aliketi chini pale pale. "Gofu? Ya Rabbi! Unalala kwenye gofu, mwanangu? Kama yale ya Chwaka, yenye popo na makaburi?"

"Si gofu la nyumba, mama. Gofu ni mchezo. Watu wanapiga kijipira kwa fimbo mpaka kiingie shimoni."

"Watu wazima?"

"Wazima na akili zao, mama."

Akaeleza kwamba kiwanja chenyewe kiko juu mno, asubuhi mtu hutoa moshi mdomoni kwa baridi. Hewa ya kule ni nyepesi, kwa hiyo mpira huenda mbali kuliko ungepigwa pwani. Jumapili ya pili kutakuwa na mashindano ya wachezaji wa kulipwa kutoka nchi nyingi, na yataonyeshwa kwenye televisheni. Yeye Hafidh atambebea mkoba wa fimbo mchezaji mmoja wa Zambia.

Babu yao, Mzee Mabruki, mtu msema kweli kuliko wote wa Konde, alikuwa mlangoni anasikiliza. "Hewa nyepesi naijua mimi," alisema. "Mpira ukipigwa kule haushuki. Kuna mmoja ulipigwa nilipokuwa kijana, mpaka leo unauzunguka mwezi."

Mwatum alicheka, lakini maneno yale aliyaweka akilini.

Bahati mbaya, nyuma ya babu alisimama Laila, binti wa Ami Hija mwenye duka, aliyekuja kuchukua vitumbua vya kuuza. Alisikia nusu ya mazungumzo, na nusu ile ikamtosha.

Mwatum na Laila walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Wote wawili walikuwa na sauti nzuri, na skuli ilikuwa inajiandaa kwa Maulidi. Mwalimu Bakar alitaka msichana mmoja tu wa kuongoza kaswida, na alikuwa hajaamua. Tangu hapo wasichana hao walitazamana kama paka wawili juu ya ukuta mmoja. Mwatum aliitaka nafasi ile kuliko nguo ya Sikukuu. Hata mbuzi walikuwa wameichoka kaswida yake.

Jumatatu, Mwatum alipoingia darasani, Laila alikuwa amesimama juu ya benchi.

"Jamani, pongezi! Kaka yake Mwatum kapata nyumba bara. Analala kwenye gofu!"

"Na popo wanamtoza kodi?" aliuliza Fahmi, mvulana aliyecheka kabla ya wenzake siku zote.

Darasa likaangua kicheko. Mwatum akajaribu kueleza habari za kijipira, fimbo na milima. Laila alimsikiliza amekunja mikono.

"Kwa hiyo anabeba mkoba wa mtu?"

"Ndiyo."

"Basi si hamali huyo! Sasa kavuka bahari ya nini? Mizigo ya gati la Mkoani imekwisha?"

"Hamali! Hamali!" Fahmi akapiga meza.

Mwatum aliona masikio yanamwaka moto. Hata hakujua maneno yalitoka wapi. "Si hamali! Anacheza! Ni mchezaji, yumo kwenye mashindano. Na mpira alioupiga juzi mpaka leo haujashuka!"

Laila akashuka kwenye benchi taratibu.

"Vizuri. Baba ana televisheni kubwa dukani. Jumapili njooni nyote. Kaka yako akionekana anacheza, mimi namwambia Mwalimu Bakar kaswida sitaki tena. Asipocheza, unamwambia wewe. Na utasema mbele ya watu, 'Mimi Mwatum ni muongo.' Umekubali au unaogopa?"

"Nimekubali," alisema Mwatum.

Wiki ile hakula vizuri. Alhamisi aliiba dakika chache za simu ya mama yake, akajificha bandani kwa mbuzi.

"Kaka, Jumapili ukiona kamera, shika fimbo moja upige. Mara moja tu."

"Nipige nini? Wewe una wazimu? Nikigusa mpira wa mchezaji wangu, yeye anaadhibiwa na mimi nafukuzwa hapo hapo. Kwani kuna nini?"

Mwatum akamweleza.

"Kumbe unanionea haya," Hafidh alisema. "Mimi huku vidole vinakufa ganzi kwa baridi, mkoba unanichuna bega, nikipata chochote nakumbuka daftari zako na viatu vyako. Na wewe unaona haya! Usinipigie tena."

Simu ikakatwa. Mbuzi mmoja akamkodolea Mwatum macho. Akamrushia kamba.

Jumapili, duka la Ami Hija lilijaa pomoni. Watoto walikaa chini mbele ya televisheni, wazee wakakaa kwenye magunia, na Mwalimu Bakar mwenyewe alipita kununua sabuni, akanogewa akabaki. Mwatum alisimama nyuma karibu na mlango. Laila hakumkubalia.

"Mpisheni mgeni rasmi! Njoo mbele, bibie, umwone kaka yako vizuri."

Kiwanja kilionekana: kijani kibichi, milima nyuma yake, ukungu umening'inia kwenye miti kama nguo zilizoanikwa. Wachezaji walipita mmoja mmoja. Na mtu mmoja alipoupiga mpira wake, basi ulipanda, ukapanda, ukaingia mawinguni. Ami Hija akapima kilo ya sukari, akaifunga, akampa mteja wake, akarudi kutazama, na mpira bado ulikuwa juu. Hewa nyepesi hiyo!

"Hafidh yuko wapi?" Fahmi aliuliza. "Au bado anaufuata mpira wake wa juzi?"

Wakacheka. Ndipo akatokea yule Mzambia, mrefu kama mnazi, na nyuma yake kijana aliyevaa kizibao cheupe, amebeba mkoba mkubwa kuliko yeye. Kofia pana ilikuwa imemshuka mpaka kwenye nyusi, na kola ameipandisha kwa baridi. Uso haukuonekana. Lakini Mwatum aliujua ule mwendo, bega moja juu na moja chini, kama alivyokuwa akibeba majani ya mbuzi.

"Mtazameni huyo!" Laila alipiga kelele. "Punda wa Mzambia! Mwatum, si kaka yako huyo?"

Watu wote wakageuka.

"Siye," alisema Mwatum. "Simjui. Hafidh atacheza baadaye."

Alipotamka neno hilo, "simjui", alihisi kama amekanyaga mwiba. Lakini alikuwa ameponea, angalau kwa wakati ule. Hakuna aliyeweza kumkamata. Pale dukani hakuna aliyeiona sura ya kijana yule. Laila mwenyewe alianza kubabaika.

Mzambia akafika kwenye shimo lake la mwisho. Kijana akaweka mkoba chini, akachutama, akaitazama ardhi, akamnong'oneza kitu. Mzambia akaugonga mpira polepole. Ukaviringika, ukazunguka mdomo wa shimo, ukatumbukia. Watu kule kiwanjani wakapiga makofi.

Kisha wakafanya kama ilivyo desturi ya mchezo ule: mchezo ukimalizika, watu huvua kofia na kupeana mikono. Mzambia akavua yake. Kijana naye akavua ile kofia pana. Na chini yake, imebana kichwa kwa ajili ya baridi, ilikuwapo kofia nyingine: kofia nyeupe ya viua. Kamera ikasogea. Ua la mbele lilikuwa limepinda, utadhani limekanyagwa na ng'ombe.

Picha ikaondoka haraka, wakaonyeshwa watu wengine. Hakuna aliyetambua kitu. Kofia za viua ziko nyingi duniani, na kichwa kile walikiona kwa kufumba na kufumbua.

"Haya, tumsubiri basi huyo mchezaji wake," Fahmi alipiga miayo.

Mwatum alikuwa akilia. "Hakuna wa kumsubiri," alisema. "Ni yeye."

"Yeye nani?" aliuliza Laila.

"Yule mwenye mkoba. Ile kofia nimeishona mimi. Ni kaka yangu Hafidh. Hachezi, hajawahi kucheza. Nilisema uongo, na sasa hivi nimemkana mbele yenu."

Duka likalipuka. "Muongo! Muongo!" Laila aliruka juu kama aliyeshinda kombe. "Sema! Sema kama tulivyoagana!"

"Mimi Mwatum ni muongo," alisema Mwatum. Akamgeukia Mwalimu Bakar. "Na kaswida nimemwachia Laila, mwalimu."

Mwalimu Bakar akaweka sabuni yake juu ya meza. Hakupandisha sauti; alikuwa mmoja wa wale walimu ambao wakinong'ona, darasa zima hukaa sawa.

"Kaswida ataongoza Laila," alisema. "Umeiahidi mwenyewe, na sikurudishii kwa sababu ya machozi. Lakini sikiliza, Mwatum. Uongo wa kwanza uliusema ili kumpandisha kaka yako. Umeona ulikokufikisha? Ulikufikisha mahali pa kusema humjui, na yeye amevaa kofia yako kichwani. Uongo una tabia hiyo: unaanza kwa kukutetea, unamaliza kwa kukunyang'anya watu wako. Leo ungeweza kutoka mlango huu na siri yako. Umechagua kutoka na kaka yako. Hilo nimeliona."

Laila akatabasamu. Mwalimu akamgeukia.

"Na wewe usicheke. Magunia haya waliyokalia wazee, yaliingia dukani yenyewe? Nani aliyabeba kutoka gatini? Wote wawili mmemdharau mtu anayekula kwa jasho lake. Mmoja kwa kumtukana, mwingine kwa kumwonea haya. Kesho mtafagia uwanja wa skuli pamoja."

"Pamoja na yeye?" wasichana waliuliza kwa sauti moja.

"Pamoja."

Jioni ile Mwatum alimtumia kaka yake ujumbe, akamweleza yote bila kupunguza. Simu ikalia baada ya sala ya magharibi.

"Bado nimekukasirikia," Hafidh alisema.

"Najua."

"Mchezaji wangu aliuliza kofia hii imeshonwa na nani." "Nikamwambia ni dada yangu. Shona nyingine, anataka. Na ua lipinde vile vile, kasema ndilo alilolipenda."

Siku ya Maulidi Laila aliongoza kaswida, na aliongoza vizuri, tusimnyime haki yake. Mwatum aliitikia mstari wa nyuma. Wakati wa kutoka, Laila alimkanyaga kidole na hakuomba radhi.

Na hapo ndipo kisa kingekwisha, kama Mwalimu Bakar asingenialika darasani niwasimulie wanafunzi wake. Maana yule Mzee Mabruki, msema kweli kuliko wote wa Konde, ndiye mimi. Nilisimulia kama nilivyokusimulieni nyinyi, jogoo nimempakata. Nilipomaliza, mkono wa Laila ukawa juu.

"Babu, siku ile dukani hakukuwa na sukari. Ilikwisha tangu Jumatano. Baba alipima nini?"

Nikakohoa. "Labda ulikuwa mchele, mjukuu wangu."

Mkono wa pili ukapanda, wa Mwatum, damu yangu mwenyewe. "Na mpira ulishuka mara moja, babu. Sote tuliuona. Wewe hukuwapo, ulikwenda Wete kung'oa jino."

Nikamtazama Laila, nikamtazama Mwatum. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaona hao wawili upande mmoja. Mwalimu Bakar alikuwa amejiziba mdomo kwa chaki na kitabu.

"Nani aliyetangulia kunikamata?" niliuliza.

"Mimi," alisema Laila.

Basi nikatoa jogoo, nikamkabidhi; nyinyi mmechelewa. Sikumwambia kuwa jogoo yule huwika watu wakiwa kwenye usingizi wa kwanza, na haachi mpaka kuche. Hakuniuliza, na mimi nilijiambia kunyamaza si uongo.

Laila alikuwa ameshafika mlangoni, amembana jogoo kwapani, Mwatum alipomwita.

"Laila! Usimweke karibu na dirisha lako. Anawika usiku kucha. Ndiyo maana babu alikuwa anatafuta wa kumpa."