Vidole vya Mifupa Minne

Kidole cha mwanadamu kina mifupa mitatu, na dole gumba lina miwili. Raheli alilijua hilo tangu mwaka wake wa kwanza chuoni, na katika miaka saba ya kupiga picha za eksirei hakuwahi kukutana na mkono uliokwenda kinyume. Ndiyo maana siku ile, saa sita na robo mchana, alihesabu mara tatu.

Kwenye skrini kulikuwa na kifua cha mtoto wa miaka miwili, Ramadhani, aliyeletwa na bibi yake kwa kikohozi kisichokoma. Mbavu zilionekana vizuri, moyo ulionekana, pafu la kulia lilikuwa na doa kama daktari alivyoshuku. Lakini chini ya makwapa, huku na huku, vilikuwapo vidole vya mtu mzima vimemkamata. Kila kimoja kilikuwa na mifupa minne, hata madole gumba.

Na mtoto yule hakuwa ameshikwa na mtu yeyote.

Alikuwa amelia sana, akirusha miguu, na bibi yake alikuwa na mikono inayotetemeka isiyoweza kumtuliza hata kuku. Utaratibu wa chumba cha eksirei unajulikana: mtoto hushikwa na mzazi au ndugu aliyevalishwa aproni ya madini ya risasi inayozuia mionzi, siyo na mfanyakazi, maana mfanyakazi yumo humo kila siku na mionzi haimsahau. Kama ndugu hawezi, anatafutwa mwingine, au picha inaahirishwa. Raheli alikuwa akiuvunja utaratibu huo miaka yote. Kila mara alivaa aproni, akamshika mtoto mwenyewe, na Mwanakombo, muuguzi msaidizi, akabonyeza kitufe. Foleni ilikwenda na kila mtu alimsifu.

Sasa asingeweza tena. Alikuwa na mimba ya wiki kumi na saba, na mbili za kabla yake zilikuwa zimetoka. Mumewe Gideoni, wa bandarini, ndiye peke yake aliyejua. Pale hospitalini, hospitali ndogo ya watu binafsi huko Likombe, hakumwambia mtu. Martha aliyemtangulia kwenye kazi ile aliandika barua kuwa ni mjamzito, akahamishiwa mapokezi, na mkataba wake ulipokwisha haukuhuishwa. Mkataba wa Raheli ulikuwa umebakiza wiki sita.

Basi akamtoa bibi nje, akamkalisha mtoto kwenye stuli mbele ya bamba la picha, akafunga mlango, akaenda kusimama nyuma ya kioo. Alijua mtoto atateleza. Alikuwa amechoka, mgongo unamuuma, na yakamtoka maneno kama yanavyomtoka mtu yeyote akiwa peke yake.

"Yeyote aliyemo humo, nishikie huyu mtoto jamani."

Ramadhani alinyamaza katikati ya kilio, kinywa bado kiko wazi. Mikono yake ikapanda juu ya kichwa, ikanyooka, akabaki hivyo. Raheli akabonyeza kitufe kabla hajapata akili ya kuogopa.

Alipokwisha kuhesabu vile vidole alifanya jambo ambalo baadaye lilimuuma kuliko yote. Aliikata picha pembeni kwenye kompyuta mpaka ile mikono ikatoka, akaipeleka kwa daktari. Daktari akampigia simu kumpongeza. Mtoto ametulia kweli kweli, alisema, hiyo ndiyo kazi.

Siku ya tatu akaletwa mtoto mwingine anayepiga kelele, na Raheli akasema tena yale maneno, polepole, huku akijiambia kuwa anajaribu tu. Ndani ya mwezi mmoja walifika watoto kumi na mmoja. Alizoea. Binadamu huzoea lolote likimrahisishia kazi, na Raheli hakuwa tofauti. Alizoea harufu ya udi iliyochanganyika na mwani uliooza, ingawa pale pana dawa ya kusafishia sakafu na hakuna kingine. Alizoea alama za vidole kwenye makwapa ya watoto, nyekundu, ndefu mno. Alikata picha, akapeleka, akaita mwingine.

Kisha bibi yake Ramadhani akarudi.

"Mwanangu, mlimfanya nini huyu?" aliuliza kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kusikiwa na mtoto mwenyewe. "Kikohozi kimepona. Lakini tangu picha ile hajalia. Akianguka halii. Njaa ikimshika halii. Anakaa pale pale ninapomweka mpaka nimwondoe."

Ramadhani alikuwa mgongoni mwake. Macho yake yalimfuata Raheli kila alikogeuka, na katika mwili ule hakikusogea kingine.

"Wapo wengine, dada," Mwanakombo alimnong'oneza Raheli, bibi alipokwisha kuondoka. "Wiki hii wamekuja akina mama watatu. Wote wanasema hivyo hivyo."

Jioni hiyo Raheli alilala chali, akaweka kiganja tumboni. Mtoto wake alikuwa ameanza kucheza wiki mbili nyuma, na kila jioni Gideoni aliweka sikio hapo akicheka peke yake. Sasa palikuwa kimya. Ilikuwa siku ya nne pakiwa kimya, na alikuwa amejidanganya siku zote nne.

Alikwenda mjini kupima kwa mtu asiyemfahamu. Yule kijana wa ultrasaundi alizungusha kifaa chake muda mrefu mno. "Moyo unapiga vizuri, mama," alisema mwishowe. "Ila hatikisiki kabisa. Na mikono yake yote miwili imenyooka juu ya kichwa. Nimebonyeza, nimesubiri, haishuki. Sijapata kuona."

Raheli alijifuta tumbo kwa kitambaa alichopewa, akatoka.

Kesho yake, muda wa chakula cha mchana, aliingia peke yake kwenye chumba cha eksirei. Chumba cha eksirei hakina dirisha, na kuta zake ni nene, kwa hiyo jua la saa saba linaishia mlangoni na ndani ni giza mpaka uwashe taa. Kabla mkono wake haujafika kwenye swichi, kwa mwanga wa mlangoni, aliona kwamba aproni ya risasi haipo kwenye ndoana yake, akadhani Mwanakombo ameihamisha, akaitafuta kwa macho, akaikuta imesimama mbele ya bamba la picha, imejaa, ina mabega, ina kifua, ina tumbo lililotokeza mbele kiasi kile kile cha tumbo lake, na juu ya ukosi hapakuwa na kichwa wala chini hapakuwa na miguu, ila pembeni hewa ilikuwa imekunjamana mahali ambapo mikono ingekuwa, mikono iliyokuwa imepakata kitu kisichoonekana na kukibembeleza taratibu, na harufu ya mwani ikamjia mpaka kooni, na akasikia sauti ambayo aliijua vizuri kuliko sauti zote duniani kwa kuwa ilikuwa ni yake mwenyewe, sauti anayowasemesha nayo watoto kila siku, inasema, "Usitikisike, mwanangu. Kidogo tu. Usitikisike."

Mwanakombo alimkuta amekaa sakafuni kwenye korido, amejishika tumbo kwa mikono yote miwili. Hapo hapo Raheli akamweleza kila kitu, mimba na mengineyo. Mwanakombo hakushangaa sana. Alimwambia ana shangazi yake kijijini Msimbati, anayeitwa Saida, kazi yake kubangua korosho, na watu wakisumbuliwa na majini humwendea yeye. Raheli alikuwa Mlutheri wa Njombe, mzee wa kanisa akiwa baba yake mzazi. Hata hivyo alisema huyo shangazi aje hata leo.

Bi Saida alikuja Jumapili mchana, hospitali ikiwa haina wagonjwa wa nje. Alikuwa mwanamke mfupi, vidole vimeungua na kuwa vyeusi kwa mafuta ya maganda ya korosho. Alifukiza ubani chumbani, akasimama katikati, akanusa.

"Wanapenda vyumba kama hivi," alisema. "Havina dirisha, na watu wanaingia wakiwa na hofu. Ulintuma?"

"Sikumtuma, bibi. Nilisema tu. Nilikuwa nimechoka."

"Ulisema ashike. Ukamwambia aachie?"

Raheli alitikisa kichwa.

"Ntu akishika ntoto, nkono wake unachoka, anaachia mwenyewe," Bi Saida alisema. "Huyu hachoki. Anangoja umwambie. Haya, watoe mmoja mmoja, jina la ntoto na jina la mama yake. Na usisimame huko nyuma ya kioo chako. Simama humu."

Mwanakombo akaleta daftari la wagonjwa. Raheli alisimama pale mbele ya bamba, akasoma.

"Ramadhani wa Zawadi. Mwachie."

Kisha karibu na sikio lake kikasikika kishindo kidogo cha viungo vya vidole vikiachana, kile cha mtu anayealisha vidole vyake, kimoja baada ya kingine, taratibu, na kila kidole kililia mara nne. Haikupita dakika, simu ya Mwanakombo ikaita mfukoni; ni bibi yake Ramadhani, aliyekuwa ameachiwa namba yake. Alipoipokea wote watatu walimsikia mtoto analia upande wa pili, kilio cha hasira cha mtoto mzima wa afya, na bibi yake analia pamoja naye.

Raheli akaendelea. Kila jina na vile vishindo, kila jina na harufu ile ikipungua kidogo. La kumi na moja lilipokwisha alilifunga daftari, akashika tumbo lake.

"Na wangu," alisema. "Mwachie wangu."

Hakukuwa na kishindo. Palikuwa na pumzi baridi tu kwenye kisogo, na sauti yake mwenyewe ikamuuliza kwa upole.

"Yupi?"

Raheli alitaka kukimbia na hakuweza. "Huyu. Wa tumboni."

"Humu hakuna mwingine," sauti ilisema. "Nimewasikia wote uliowasoma. Huyu hayupo. Huyu ni wa kwangu."

Bi Saida alimvuta mkono mpaka nje, akafunga mlango mzito, na kwa mara ya kwanza uso wake ulionyesha woga. "Nani anajua una mimba?"

"Mume wangu. Na nyinyi wawili."

"Humu kazini?"

"Hakuna. Nilimficha huyu mtoto."

"Basi umenficha mpaka kwa huyo uliyempa kazi. Humu ndani ntoto huyo hajawa wa ntu, naye amenchukua kama kitu kilichoachwa. Nenda ukanseme, mama. Kansemee panapoandikwa."

Dakta Mathayo, mganga mfawidhi, alikuwa ofisini akimalizia ripoti. Raheli aliomba karatasi, akaandika akiwa amesimama. Mimi Raheli, mtaalamu wa mionzi, natoa taarifa kwamba nina ujauzito wa wiki ishirini na mbili, na kwamba nilipaswa kutoa taarifa hii mapema.

Daktari aliisoma, akavua miwani. Alikuwa mtu mwema, hilo lazima lisemwe.

"Raheli, mkataba wako bodi inauangalia Jumatano," alisema, akaisukuma ile barua irudi upande wa Raheli. "Ondoka nayo. Niletee Alhamisi, ukiwa umeshasaini. Leo mimi sijaona kitu."

Mkono wake uliifikia ile barua. Siku nne tu, alijiambia, baada ya yote haya siku nne ni nini. Na hapo ndipo alipohisi tumboni kitu kinakaza, polepole, kama mtu anayerekebisha mshiko wake ili akamate vizuri zaidi.

"Naomba uipokee leo, daktari," alisema. Akaisukuma tena mbele yake. "Uipokee leo, ugonge mhuri."

"Unajua itakavyokuwa?"

"Najua."

Daktari alimtazama, akafungua droo. Mhuri uliposhuka kwenye karatasi Raheli alisikia vile vishindo, safari hii ndani ya mwili wake, vidole kumi, kila kimoja mara nne, vinaachia kwa kusitasita. Kisha kitu kikashuka tumboni, kwanza mkono mmoja, halafu wa pili, na mtoto wake akampiga teke chini ya mbavu kwa nguvu mpaka akainama juu ya meza.

Daktari akaruka kutoka kwenye kiti akidhani anaanguka.

"Anacheza," Raheli alisema, analia. "Anacheza tu."

Jumatano mkataba haukuhuishwa. Bi Saida alikifukiza kile chumba siku saba, na kwenye mlango Mwanakombo akabandika tangazo kwa mkono wake kwamba mtoto ashikwe na ndugu yake aliyevaa aproni, au picha isipigwe.

Mtoto alizaliwa mwezi Julai, wa kike, wakamwita Doris. Analia kwa maziwa, analia kwa joto, analia bila sababu yoyote, na majirani wameshaanza kusema. Gideoni akiamshwa usingizini baada ya zamu humwomba mkewe ambembeleze basi, anyamaze.

"Mwache alie," Raheli humjibu. Na ikitokea mtoto amenyamaza ghafla, hata kama amelala tu kama walalavyo watoto wote, Raheli huacha anachofanya, humwendea mbio, na humfinya unyayo mpaka alie tena.