Kibandiko cha "Si Takataka"

Toyota Innova ya kijivu ilipaswa kunyoosha hadi bandarini.

Ilikata kushoto.

Ratri Wulansih aliiona akiwa mita sabini nyuma yake, juu ya pikipiki yake, Honda Vario, akiwa na miaka hamsini na miwili, goti lisilokunjika vizuri na imani haba katika mambo yanayotokea kwa bahati. Barabara ile ilikwenda mji wa Gresik. Huko, katika nyumba ya kupanga, alifichwa Mursinah, karani wa bohari, ambaye Jumatatu angewaeleza mahakimu ni nani husafirisha magamba ya kakakuona ndani ya magunia ya pilipili manga.

Wanaume watatu ndani ya Innova hawakutaka Jumatatu imkute hai.

Anwani ya nyumba ilikuwamo katika barua pepe moja tu, iliyoingia asubuhi kwenye sanduku la pamoja la kikosi chake cha polisi. Ratri alisimama kwenye taa nyekundu, akatazama simu. Barua ilikuwa na herufi nene. Haijasomwa.

Akampigia Tohir, mtunza seva. Yeye humwita Cak, kaka; naye humwita Mbak, dada.

"Cak Tohir, barua ya asubuhi. Nani kaisoma?"

"Hakuna, Mbak. Si unaiona ni mpya?" Alikuwa akitafuna kerupuk kavu za kukaanga.

"Sijakuuliza ninachokiona. Seva inasema nini?"

Kutafuna kulikoma. Alama za barua, kama imesomwa au la, zilitunzwa kwenye seva, ili kompyuta na simu zote za kikosi zione hali moja. Na kila alama ilipobadilika, seva iliipandisha namba ya mabadiliko ya barua hiyo. Namba hiyo haikurudi nyuma kwa ombi la mtu yeyote.

"Imepanda mara tatu," alisema Tohir. "Saa sita na robo. Kafungua, halafu kaifanya ionekane haijasomwa."

"Hizo ni mbili."

"Ya tatu ni kibandiko. 'Si takataka.' Kuna programu ya zamani inakibandika yenyewe ikishakagua kama ni barua taka. Mwenyewe hata hakioni."

"Nani bado anaitumia?"

Upande wa pili mlango ulifungwa taratibu.

"Cak, nipo barabarani. Usinifanyie mambo ya msibani."

"Pak Dibyo tu, Mbak. Anasema hizi mpya zinamchosha macho."

Dibyo Hartanto, naibu mkuu wa kikosi, ndiye aliyemfundisha Ratri kulenga shabaha. Leo Ijumaa, saa hiyo ya sita na robo, wanaume wote walikwenda msikitini. Yeye alisema mgongo unamuuma, atasali ofisini.

Ratri hakushangaa. Kushangaa kulihitaji nguvu ambazo alikwisha kuzitumia katika miaka ya nyuma.

"Weka barua mpya. Shahidi kahamishwa, yuko bohari namba tisa, mtaa wa nyuma ya soko la samaki."

"Namba tisa si ndiyo gereji ya polisi wa majini?"

"Mlangoni haijaandikwa. Wapigie wajiandae. Halafu itazame namba."

Innova ilivuka daraja. Zilibaki kilomita nne. Chini ya koti lake bastola ya Pindad ilimchoma mbavu. Risasi kumi na tano dhidi ya watu watatu, na shabaha aliyoijaribu mara ya mwisho mwaka juzi.

Kilomita tatu.

"Imepanda," alisema Tohir. "Mara moja."

Kilomita mbili.

"Mbili. Tatu. Kibandiko kipo. Na bado inaonekana mpya, ana adabu kweli huyu mzee."

Taa za breki zikawaka. Innova iligeuza katikati ya barabara, malori yakapiga honi, na wanaume watatu wakampita Ratri bila kumtazama. Mwanamke wa makamo juu ya pikipiki hakuwa kitu cha kutazamwa.

Baada ya dakika ishirini Tohir aliripoti: watatu wamekamatwa, hakuna risasi iliyofyatuliwa.

Ratri aliegesha mbele ya nyumba ya kupanga, akapiga simu nyingine.

"Pak Dibyo, umeisoma barua ya mchana?"

"Bado, Ratri. Naiona hapa, mpya kabisa." Sauti ilikuwa ya upole, kama siku zote. "Ngoja kidogo, mwanangu. Kuna watu wanagonga."

"Wafungulie, Pak. Nimewatuma mimi."

Alisikiliza pumzi za mzee mpaka kiti kikasogezwa. Kisha akakata simu, akavua helmeti na kupanda ngazi polepole, akianza na mguu mzima.