Pamba Puani mwa Adinani

Mwezi ule wa mavuno Biasha alikuwa akiamka na uchovu wa jana. Kabla jua halijatoka alikuwa amekwisha kuteka maji na kutwanga mahindi, kisha akamfunga mdogo wake Adinani mgongoni na kumfuata mama shambani. Baba yao alikuwa Nachingwea, kwenye mashamba makubwa ya karanga ya Wazungu, na ufuta wa kijijini kwao Narung'ombe haukumngoja mtu. Ukichelewa kuukung'uta, mbegu humwagika zote chini.

Adinani alikuwa na umri wa wiki sita, na mafua yalikuwa yamemshika kwa siku mbili. Siku ya tatu pua iliziba kabisa. Akinyonya kidogo huachia ziwa, hulia, hunyonya tena, huachia. Mama yake, Bi Zaina, hakuwa amelala.

"Mchukue, mwanangu," alisema kwa sauti iliyokauka. "Kaa naye kibandani nimalize kazi hii. Usiniite kwa kila kilio."

Kibandani mtoto alikoroma na kuhangaika. Biasha alichukua kijiti cha ufuta, akakizungushia pamba aliyoinyofoa kwenye kimto cha kulalia mtoto, akakiingiza katika tundu la kulia la pua. Kamasi kidogo zilitoka. Akasukuma tena. Mtoto akarusha kichwa, na kijiti kikatoka kitupu, kina tone la damu. Pamba ilibaki ndani. Biasha alikitupa kijiti kwenye majani, akaifuta damu kwa kanga.

Mama alipokuja kunyonyesha, aliona midomo ya mtoto imeanza kuwa ya buluu. Aliuacha ufuta palepale. Walikwenda kwa miguu saa mbili nzima mpaka zahanati ya misheni.

Nesi Lusiana alikuwa amezalisha akina mama watatu tangu alfajiri, na macho yake yalikuwa mekundu. "Kuna kitu mmemtia puani?" aliuliza huku akinawa.

"Hapana," alijibu mama. "Ila alikuwa na dada yake kibandani."

"Na wewe binti, uliyekuwa naye?"

Biasha akatikisa kichwa.

Nesi alitoa mpira mwembamba kwenye sufuria ya maji yaliyochemka, akaungoja upoe, akauunga na kichupa cha kioo. Mpira wa pili, uliotoka kwenye kichupa hichohicho, aliushika kwa midomo yake ili avute. "Tunaanza mdomoni," alisema, "asije akavuta kamasi mapafuni." Alivuta kidogo, akaacha mtoto apumue, akavuta tena. Kamasi zikashuka kichupani. Alipohamia puani, tundu la kushoto likafunguka. La kulia halikutoa kitu.

"Hapa pamegoma. Itabidi niingie ndani kidogo."

Biasha aliuona mpira ukisogea. Akaruka mbele.

"Nesi, usisukume! Kuna pamba humo. Niliitia mimi kwa kijiti!"

Mama aliinua mkono, kisha akaushusha. Hata nguvu ya kupiga hakuwa nayo.

"Kijiti kilivunjika?" aliuliza nesi, mpira umeshaondoka puani.

"Hapana. Kilitoka chote. Pamba tu."

Mama alikishika kichwa cha mtoto, nesi akamulika kwa tochi, akaingiza koleo nyembamba polepole. Pamba ikatoka imelowa damu. Adinani akapiga chafya, akalia kwa nguvu, midomo ikarudi rangi yake.

"Kwa nini hukuniambia?" mama aliuliza akimweka mtoto ziwani.

"Uliniambia nisikuite. Kisha nikaogopa."

"Nilisema kwa uchovu, mwanangu. Mtoto akishindwa kupumua, niite hata nikiwa nimekasirika."

Nesi Lusiana aliketi kwenye benchi kando ya Biasha. "Mtoto mchanga hupumua kwa pua. Ikiziba, mfute nje kwa kitambaa laini, na asipoweza kunyonya mleteni. Ndani usitie kitu. Mimi nimefundishwa kazi hii, na bado naifanya kwa woga. Kijiti ulikitia kwa kutojua, lakini nilipokuuliza, ulijua. Ungenyamaza kidogo tu zaidi, mkono wangu ndio ungeisukuma pamba ile mpaka kooni, na mimi nisingejua nimefanya nini."

Biasha alimtazama mdogo wake akinyonya bila kuachia, akaanza kulia kimyakimya, na Nesi Lusiana akamwacha alie.