"Alisaidia": Neno Lililomwondoa Ercilia Nyumbani

Ndugu zangu wa hapa Matagalpa, Nikaragua, nyumba ya Evenor na Ercilia mliijua. Jumapili asubuhi ungewakuta mlangoni wakinywa kahawa, binti yao Yaoska katikati, wakicheka mpaka sisi majirani tukawaonea wivu.

Kisha kiwanda cha kahawa alikofanya kazi Ercilia kikafungwa. Kiwanda kingine kikatangaza kutafuta msimamizi wa uwanja wa kuanikia. Kazi hiyo Ercilia aliifanya miaka mingi. Evenor, karani wa shule, akamwandikia wasifu wa kazi.

"Mbona umeandika 'alisaidia kuanika kahawa'?" Ercilia aliuliza. "Mimi nilikuwa nasimamia. Ile kahawa iliyonyeshewa, nani aliiokoa?"

"Mke wangu, mwanamke akijisifu sana ataonekana ana majivuno. Wakikuona watajua wenyewe."

Wangejuaje, msomaji? Ukweli ni kwamba Evenor aliogopa mkewe atamzidi cheo. Alinieleza mwenyewe baadaye, akilia.

Siku ya usaili mwajiri alisoma, akainua macho. "Mama, hapa wewe ni msaidizi tu. Sisi tunatafuta kiongozi."

"Nilikuwa kiongozi, bwana."

"Sasa mbona hukuandika?"

Kila jibu lingemwaibisha mumewe. Akachukua karatasi yake, akaaga.

Kazi alipewa Wilmor, kijana ambaye Ercilia mwenyewe alimfundisha. Alikuwa amefanya machache, lakini aliyaeleza wazi: niligeuza kahawa juani, nilipima unyevu, niliongoza wenzangu zamu ya mchana.

Vicheko vikaisha pale mlangoni. Msimu wa mavuno ulipofika, Ercilia akaenda nchi jirani ya Kosta Rika kuchuma kahawa.

"Huko hawaulizi karatasi, jirani," aliniambia akifunga begi. "Niangalizie mtoto."

Misimu imepita, hajarudi. Evenor ameuandika upya ule wasifu, kila kazi akiitaja kwa jina lake halisi, akamtumia kwa simu. Alijibiwa maneno mawili: "Asante. Umechelewa."

Yaoska siku hizi ananiita mama. Sina moyo wa kumkataza.

FUNZO

Itaje kazi yako kwa jina lake. Kama uliongoza, sema uliongoza. Eleza uliongoza nani na kazi yako ilileta nini. Usiongeze usilolifanya, wala usipunguze ulilolitolea jasho. Nawe unayeshika kalamu kwa niaba ya mwenzako, usiandike hofu yako. Ukimdogosha wa nyumbani kwako, nyumba inayopungua ni yenu wote.