Nani Anabofya Alfajiri?

Thenmozhi alimaliza kuchora maua ya unga mlangoni, desturi ya kila asubuhi, akaosha mikono, akaenda jikoni kupakua idli, vitumbua vyeupe vya mchele vinavyopikwa kwa mvuke. Asubuhi hiyo idli zilikuwa laini na zimeumuka vizuri. Mumewe, Velayutham, alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki uani. Majivu ya sala yalikuwa bado mabichi kwenye paji la uso. Idli hakuziona. Alikuwa anaikodolea macho simu.

"Limeisha tena!" alisema.

"Nini kimeisha?"

"Tangazo! Saa kumi na mbili na nusu tu asubuhi, na pesa yote ya leo imeliwa. Hata mtu mmoja hajapiga simu!"

Thenmozhi alimwekea idli tano na mchuzi wa dengu. "Kula kwanza, Baba Nila. Hasira zinataka nguvu."

Velayutham ni fundi wa mashine za jiwe, zile za kusagia mchele na choroko zilizolowekwa. Katika mtaa wa Ganapathy, mjini Coimbatore, ni vigumu kukuta jiko lisilo na mashine hiyo. Karakana yake iko mbele ya nyumba. Yeye anatengeneza. Thenmozhi anapokea simu na kuandika daftarini jina, anwani na saa.

Mwanzoni mwa mwaka waliweka tangazo kwenye mtandao. Mtu akitafuta fundi kwa simu yake, tangazo lao linatokea juu. Akilibofya, unafunguka ukurasa wenye namba ya Thenmozhi. Kila linapobofywa, Velayutham analipa kiasi kidogo kwa kampuni ya matangazo. Pesa aliyopanga kwa siku ikiisha, tangazo linazimika mpaka kesho.

Miezi ya kwanza simu ililia mpaka Thenmozhi akawa anapika kwa mkono mmoja. Kisha ikanyamaza. Cha ajabu, mibofyo iliongezeka.

"Ni Rathinam," Velayutham alisema huku akikata idli kwa hasira. "Ni yeye tu."

Rathinam alikuwa mwanafunzi wake. Miaka minane alijifunza kazi katika karakana ile, na miaka minane alikula chakula cha Thenmozhi. Mwaka jana alifungua karakana yake mwenyewe, ng'ambo ya barabara.

"Anakaa pale kila asubuhi, anabofya, anabofya, mpaka pesa yangu iishe," Velayutham aliendelea. "Tangazo langu likizimika, lake linabaki peke yake. Jumapili kuna mkutano wa chama cha mafundi. Nitasimama nimtaje kwa jina. Wamfukuze!"

Thenmozhi aliweka chini kijiko cha mchuzi. Fundi akifukuzwa chamani, mtaa mzima humwona mwizi. Hakuna mwenzake atakayempa kazi. Na Rathinam alikuwa kama mdogo wake. Hata sasa, akipita barabarani, humwita, "Shemeji, leo umepika nini?"

"Una ushahidi?" Thenmozhi aliuliza.

"Moyo wangu unajua."

"Moyo wako ulijua pia kwamba ile pikipiki kuukuu uliyonunua ni nzima."

Velayutham alichovya idli kwenye mchuzi. Ile pikipiki ilikuwa bado nyuma ya nyumba, kuku wanalalia kiti chake.

"Leo ni Alhamisi," Thenmozhi alisema. "Niachie mimi mpaka Jumapili. Nikishindwa, mtaje."

Juu ya nyumba yao kuna mpangaji, msichana anayeitwa Kayal. Anafanya kazi katika ofisi inayosimamia matangazo ya maduka. Jioni, aliporudi kazini, Thenmozhi alimkamata kwenye ngazi na bilauri ya kahawa ya maziwa. Kayal hakatai kahawa. Aliketi nao karakanani, akafungua kompyuta yake juu ya meza ya kazi, kati ya bisibisi na mikanda ya mashine.

"Niambie tu kama ni Rathinam," Velayutham alisema.

"Kaka, tusianze na mtu," Kayal alijibu. "Tuanze na mibofyo yenyewe. Mteja wa kweli ana tabia zake. Anasoma, anatafuta namba, anapiga simu. Tena anaishi mahali unapoweza kufika. Sasa tuwaangalie hawa wa kwako."

Alifungua taarifa ambayo kampuni ya matangazo humpa kila mwenye tangazo. Velayutham hakuwahi kuifungua hata siku moja. Alikuwa anaangalia pesa iliyobaki tu.

"Jana mlibofywa mara sitini na mbili," Kayal alisoma. "Aliyepiga simu, hakuna. Muda waliokaa kwenye ukurasa wenu, sekunde moja."

"Sekunde moja?" Velayutham alisema. "Hata jina langu halisomeki kwa sekunde moja!"

"Ndiyo alama ya kwanza. Mtu anafungua mlango na kuufunga hapo hapo. Ya pili ni saa. Karibu mibofyo yote imekuja kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri." Kayal alisita kidogo. "Lakini kwa hilo peke yake siwezi kusema ni udanganyifu. Labda wateja wenu wanaamka mapema."

Thenmozhi aliangua kicheko.

"Kayal, wewe unanunua rojo la idli la pakiti, ndiyo maana hujui! Mchele unalowekwa asubuhi. Unasagwa jioni. Usiku rojo linaumuka, na asubuhi tunapika. Sasa alfajiri nani anasaga? Mashine huharibika jioni. Hapo mchele umeshalowa, choroko imeshalowa, na mama wa nyumba anataka kulia. Ndipo anatafuta fundi."

Alivuta daftari lake, akalifungua mbele yao. Kila simu ya miezi ile ya mwanzo ilikuwa na saa yake. Saa kumi jioni. Saa kumi na moja. Saa kumi na nusu. Saa kumi na mbili. Ya alfajiri haikuwapo hata moja.

Kayal alipitisha kidole kwenye kurasa, polepole. "Dada, hili kompyuta isingeniambia hata kwa miaka kumi," alisema. "Hawa wa alfajiri si wateja."

Thenmozhi alijisikia vizuri sana. Aliinuka kumwongezea kahawa.

"Wanatoka wapi?" aliuliza.

"Wengi wanatoka miji ya kaskazini. Siku mbili kwa treni."

"Ili waniletee mashine ya kilo kumi na tano kichwani?" Velayutham alisema.

"Sasa tazameni hapa. Hii inaonyesha tangazo lenu lilitokea wapi lilipobofywa. Karibu mara zote halikutokea kwa watu wanaotafuta fundi. Limetokea ndani ya mchezo wa simu, wa kupasua maputo."

"Maputo na mashine za jiwe, wapi na wapi?"

"Mlipoweka tangazo, mliruhusu litokee popote," Kayal alieleza. "Sasa, mwenye mchezo hupata fungu lake kila tangazo linapobofywa ndani ya mchezo wake. Wengi ni waaminifu. Huyu si mwaminifu. Ametengeneza programu za kompyuta zinazojifanya watu. Hazina njaa wala mashine mbovu. Kazi yao ni kubofya tu. Wewe unalipa, yeye anavuna. Hajui hata sura yako."

"Kwa hiyo si Rathinam," Thenmozhi alisema haraka.

"Kwa hii ya kaskazini, hapana."

Lakini Velayutham alikuwa ameinamia kompyuta, pua inakaribia kugusa kioo. Ghafla alipiga meza. Bisibisi zikaruka.

"Huyu hapa! Someni hapa! Mbofyo mmoja, saa kumi na mbili na dakika kumi. Mahali, Ganapathy! Na juzi pia. Na siku ya kabla ya juzi! Mtaa huu huu, simu moja, kila asubuhi! Nilisema mimi!"

Alisimama, akaanza kutafuta ndala zake mlangoni. Ng'ambo ya barabara Rathinam alikuwa ameinama juu ya mota, hana habari. Thenmozhi alitazama tena ile saa kwenye kompyuta. Kisha akamtazama mumewe.

"Baba Nila, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, wewe huwa uko wapi?"

"Niko uani, nimemaliza sala. Niachie, nivae ndala."

"Halafu unafanya nini?"

"Nakaa kwenye kiti."

"Halafu?"

"Halafu natafuta 'fundi mashine ya jiwe' kwenye simu, nione kama tangazo letu bado lipo juu."

"Likiwa lipo?"

Velayutham alibaki na ndala moja mkononi.

"Nali… nalibofya," alisema. "Niuone ukurasa."

Kayal alijifunika mdomo kwa mtandio, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Thenmozhi hakujifunika chochote. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mwizi mmoja tumempata!" alisema. "Tena nampikia kila siku!"

Velayutham aliirudisha ndala mlangoni. Alikaa. Akawa anatazama ng'ambo ya barabara. "Jumapili ningemtaja mbele ya watu wote," alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa ndogo. Aliona aibu, na ilikuwa haki yake kuiona.

"Hujamtaja," Thenmozhi alimwambia. "Kayal, tufundishe. Tunazibaje mianya hii?"

Kayal alielekeza, na Thenmozhi ndiye aliyebofya, kwa sababu alitaka ajue mwenyewe. Kwanza waliliondoa tangazo kwenye michezo na kurasa za watu wengine. Likabaki kwa wanaotafuta fundi peke yao. Kisha wakachagua lionekane kwa watu waliopo Coimbatore tu.

"Na saa?" Kayal aliuliza. "Sema wewe, dada, ndiye unayewajua wateja."

"Kuanzia saa nane mchana mpaka saa mbili usiku," Thenmozhi alijibu bila kufikiri.

Mwisho waliiandikia kampuni ya matangazo. Waliandika tarehe, saa, miji na jina la ule mchezo. Kayal aliwaambia kwamba kampuni huchunguza, na ikiridhika huweza kurudisha sehemu ya pesa. Asiye na kumbukumbu hana cha kuonyesha.

"Lakini msidhani mmemaliza," aliongeza. "Hawa watu hubadilisha njia. Kila wiki fungueni taarifa. Linganisheni mibofyo na daftari la dada. Mibofyo ikipanda na simu zikibaki pale pale, ulizeni kulikoni. Na wewe, kaka, usiliguse tangazo lako. Ukitaka kuliona, taarifa itakuonyesha. Wala usiwaambie ndugu walibofye ati lipande juu. Hiyo pia ni mibofyo ya uongo, na kampuni inaweza kukufungia."

Velayutham alikohoa. "Na kama mtu ameshawaambia shangazi zake watatu?"

"Awapigie simu sasa hivi," Kayal alisema.

Akawapigia. Shangazi wa pili alikasirika, kwa sababu alikuwa ameshazoea.

Ijumaa asubuhi tangazo lilikuwa limezimwa, kama walivyopanga. Velayutham alizungukazunguka uani, mikono nyuma, hajui afanye nini nayo. Saa kumi na dakika tano jioni simu ililia. Mama mmoja alikuwa na mchele umelowa na mashine imegoma. Kabla ya magharibi zilikuja simu mbili nyingine. Jumamosi zilikuja tano. Thenmozhi aliziandika zote, na kila saa aliipigia mstari.

Jumapili alasiri ukumbi wa chama ulijaa. Maneno yalikuwa yameshapita mtaani kwamba Velayutham ana mtu wa kumtaja. Rathinam alikaa nyuma kabisa, macho chini. Thenmozhi alipoingia, hakumwuliza amepika nini.

Velayutham alisimama. Watu wote wakamgeukia.

"Kuna mtu alikuwa anabofya tangazo langu kila asubuhi na kunila pesa," alisema. "Yumo humu ndani. Nimempata kwa ushahidi." Akashusha pumzi. "Ni mimi."

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha Thenmozhi alisimama na daftari lake, akaeleza yote. Aliwaeleza habari ya maputo, ya sekunde moja, ya programu za alfajiri, na ya mume wake na kiti chake cha plastiki. Watu walicheka sana, kisha wakaanza kutoa simu zao na kuuliza hiyo taarifa inafunguliwa wapi.

Rathinam alikuja mbele akiwa ameishika simu yake kwa mikono miwili.

"Mwalimu," alimwambia Velayutham, "na langu linaisha alfajiri. Mwezi wa pili sasa." Akaitazama simu. "Mimi nilidhani ni wewe."

Velayutham alimtazama. Kisha akamshika bega, akamvuta mpaka kwa Thenmozhi. "Mwonyeshe," alisema. "Mwanzo mpaka mwisho."

Thenmozhi alikuwa bado anamwonyesha mahali pa kuchagua saa, simu ilipolia. Mashine ilikuwa imegoma nyuma ya soko. Velayutham alichukua mkoba wa vifaa, akatoka. Dakika mbili baadaye simu ikalia tena.

"Mchele umeshalowa, dada!" sauti ya mwanamke ililia. "Fundi wako yupo?"

Thenmozhi alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi jioni. Kisha akamtazama Rathinam, ambaye alikuwa ameshaanza kutafuta ndala zake mlangoni.

"Yupo," alijibu. "Ninao wawili."