Hodi Kutoka Chumba cha Nne

Hodi ya kwanza ilisikika saa nane mchana, na ilitoka ndani.

Msusi aliyehamia chumba cha nne alikuwa amesimama kwenye ujia, ufunguo mkononi, kufuli bado limefungwa. "Hodi," ilisema sauti ya mtu mzima, kwa adabu. Alifungua. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na harufu ya pasi ya mkaa na kitambaa kilichoungua.

"Panya wa hapa wana malezi," aliwaambia wapangaji wenzake. Wiki iliyofuata alihama, na kodi aliyotanguliza hakuidai.

Mwenye nyumba alikuwa muuguzi mstaafu. Mtaa mzima ulimwita Sista. Alinunua nyumba hiyo kwa kiinua mgongo chake chote, mwaka ambao mtaa ulipata lami, taa, na mgahawa wa kahawa pale palipokuwa jalala. Kila mtu alimwambia amelenga. Tatizo lilikuwa chumba cha nne. Humo bibi mmoja mshonaji alikaa miaka ishirini na sita, kwa kodi ya zamani, na hakutaka kutoka.

Mtaani hapo mpangaji king'ang'anizi hagombezwi. Anang'olewa mlango. Mdogo wake Sista, seremala, aliung'oa asubuhi moja, akauweka begani, akaenda zake. Bibi alitundika shuka mlangoni, akaendelea kushona. Watu wakawa wanachungulia, wengine wanaingia tu. Pasipo mlango, nani abishe? Siku ya kumi walimkuta amelalia cherehani, amekufa.

Sista aliweka mlango wa chuma, akapaka rangi, akapandisha kodi. Wapangaji watatu waliingia, yule msusi akiwa wa kwanza, na watatu wakatoka. Kisha vyumba vingine navyo vikaanza kubaki wazi.

"Ni yule bibi?" Sista alimnong'oneza mganga aliyeitwa.

"Bibi yenu amezikwa, mwacheni apumzike. Huyu ni jini aliyekuwa akiishi naye. Walistahiana. Hapiti mahali bila hodi, na mlango anaoujua mmeuondoa. Apitie wapi?"

"Lakini notisi ilitolewa."

"Alipewa bibi, mama. Huyu hakupewa. Urudisheni ule mlango. Akibisha, nitamjibu mimi. Ninyi fungeni midomo."

Sista alimgeukia mdogo wake. "Mlango uko wapi?"

"Dada, usikasirike."

Alikuwa ameuuza mgahawani. Ulikuwa umegeuzwa meza. Waliwaomba wateja wainue vikombe na kompyuta zao. Mwenye mgahawa akataja bei ya mbao za kale, na Sista akalipa bila kubembeleza.

Mlango ulirudishwa kwenye bawaba kabla ya jua kuzama. Wote watatu walisimama kwenye ujia. Mganga alisoma, akanyunyiza maji kizingitini.

"Hodi."

"Pita uende," alisema mganga. "Hapa si kwako tena."

"Hodi," ikasema tena, karibu zaidi, na mbao zikaanza kutoa joto. Sista, aliyefanya kazi wodini miaka thelathini na nane, ambako anayebisha huitikiwa hata kama muuguzi amesinzia kitini, alisikia ile harufu ya kitambaa kinachoungua ikimpanda puani, akaona kitasa kikizunguka taratibu bila mkono, akasikia sauti ikibisha mara ya tatu, safari hii kama ya mtu aliyechoka kusimama, na kinywa chake, kabla yeye mwenyewe hajajua, kikajibu, "Karibu."

Kitasa kilitulia.

Mganga alikusanya vitu vyake. "Nilikuja kumtoa," alisema. "Wewe umempangisha."

Wapangaji waliobaki walihama mwezi huo. Sista alikuwa ameshauza nyumba aliyokuwa akiishi ili alipie ukarabati, hivyo alihamia kwenye hii ya kupangisha. Kati ya vyumba sita vitupu alichagua cha nne. Vingine, alisema, vina upweke.

Mtaa unazidi kupendeza. Kodi zimepanda kila nyumba, isipokuwa yake.

Mdogo wake humpelekea chakula kila Jumapili. Jumapili iliyopita aliweka bakuli chini, akagonga mlango aliowahi kuubeba begani.

"Hodi, dada."

"Karibu," zilijibu sauti mbili.